Mawimbi ya spini kwenye utepe wa nano: jinsi ya kuyafanyia simulesheni mwenyewe mpaka upate geti la lojiki

Watu wengi wanaosikia habari za mawimbi ya spini wanaishia kusoma tu, wanaona michoro mizuri ya rangi halafu basi, wanadhani hii kitu ni ya wenye maabara za mabilioni peke yao. Sio kweli. Ukiwa na kompyuta yenye kadi ya NVIDIA na jioni mbili tatu za utulivu unaweza kurusha mawimbi yako mwenyewe ndani ya utepe wa sumaku, ukayapima, na ukatengeneza geti la lojiki (kifaa kinachopokea biti za 0 na 1 na kutoa jibu) linalofanya kazi. Ila kuna njia ya kufanya hivo bila kujidanganya, na hapo ndo wengi tunaanguka, mimi nikiwa wa kwanza, so mwongozo huu nimeupanga kwa mtindo mmoja tu: piga hesabu kwa mkono kwanza, afu simulesheni ije kukukubalia au kukukatalia.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Ndani ya sumaku kila atomu ina kamshale kake ka usumaku (spini), na mishale yote inaelekea upande mmoja kwa sababu majirani wanavutana. Ukiutikisa mshale mmoja hauanguki, unazunguka kama pia inayoyumba, na jirani yake anafuata akiwa amechelewa kidogo, na jirani wa jirani naye anachelewa kidogo zaidi, ukiangalia kwa mbali unaona wimbi linatembea. Elektroni zenyewe hazijahama, kinachosafiri ni ule mtikisiko. Felix Bloch ndiye aliyeleta wazo hili mwaka 1930, na chembe ya wimbi hilo tunaiita magnoni. Kwa nini watu wa teknolojia ya habari wanalipenda? Kwa sababu hakuna mkondo wa umeme unaopita kwenye utepe kubeba taarifa, na pia kwa sababu ya urefu wa wimbi. Wimbi la redio la gigahezi 12 hewani lina urefu wa sentimita 2.5. Wimbi la spini la gigahezi hizohizo 12 linaweza kuwa na nanomita 100 tu, yaani fupi mara 250,000, na hiyo maana yake kifaa kinachotumia mawimbi kinaweza kutosha kwenye chipu.

Hizo namba mbili, gigahezi 12 na nanomita 100, zishike. Tutakuwa nazo mpaka mwisho.

Hatua ya 1: vifaa

Programu tutakayotumia ni MuMax3, ya bure, imetengenezwa Chuo Kikuu cha Ghent kule Ubelgiji. Inahitaji kadi ya NVIDIA, hapo hakuna ujanja, ila kama huna unaweza kukodi kadi ya mtandaoni au ukatumia OOMMF ya taasisi ya NIST ya Marekani, hiyo inakimbia kwenye prosesa ya kawaida, ni ya polepole lakini inafika. Mbali na hiyo unahitaji Python yenye numpy na matplotlib. Basi.

Kinachofanywa na programu hizi ni kukata sumaku yako vipande vidogo (seli) na kutatua mlinganyo wa Landau na Lifshitz wa mwaka 1935, wenye sehemu ya ufifiaji kama alivyoiweka Gilbert mwaka 1955. Hauhitaji kuukariri. Unahitaji kujua tu kwamba unasema: mshale unazunguka kuuzunguka uga unaouhisi, na taratibu unatulia kuelekea kwenye uga huo. Kasi ya kutulia ndiyo alfa, na alfa itakusumbua sana mbele ya safari.

Hatua ya 2: chagua mali ghafi na upige hesabu

Tunaanza na permaloi, mchanganyiko wa nikeli kama asilimia 80 na chuma 20, kwa sababu namba zake zinajulikana na kila mtu anazitumia: Msat (usumaku wake ukiwa umejaa) ni 800e3 A/m, Aex (nguvu ya majirani kushikana) ni 13e-12 J/m, alfa ni 0.01.

Hesabu ya kwanza ni ya ukubwa wa seli. Chukua 2 mara Aex, gawa kwa mu-sifuri (namba isiyobadilika ya usumaku, 4π × 10⁻⁷) mara Msat kwa kipeo cha pili, afu tafuta kipeuo cha pili cha jibu. Kwa permaloi unapata nanomita 5.7 hivi. Chini ya umbali huo majirani wanashikana sana kiasi kwamba mishale haiwezi kutofautiana sana, kwa hiyo seli yako isizidi hapo. Nimeona watu wanaweka seli za nanomita 10 ili kazi iishe haraka, inaisha haraka kweli, ila majibu ni ya uongo na programu haikwambii kitu, inachora tu.

Hesabu ya pili ni ya frikwensi ya chini kabisa, pale mishale yote inapoyumba kwa pamoja. Tutaweka uga wa militesla 50 kando ya urefu wa utepe. Kwa filamu pana na nyembamba, frikwensi ni 28 mara kipeuo cha B × (B + mu-sifuri × Msat), B ikiwa kwenye tesla na jibu likiwa kwenye gigahezi. Mu-sifuri mara Msat ya permaloi ni tesla 1.005, so unapata 28 × kipeuo cha (0.05 × 1.055), ambayo ni 6.4. Utepe mwembamba utapandisha hiyo namba kidogo kwa sababu ya kingo zake, hiyo ni sawa, lakini ukiona simulesheni inakupa 3 au 15 jua kuna mahali umekosea.

Hesabu ya tatu ndiyo tamu. Wimbi likiwa fupi, majirani wanavutana zaidi, na hiyo ni sawa na kuongeza uga wa ziada wenye ukubwa wa 2 × Aex × k² / Msat, k ikiwa 2π gawa kwa urefu wa wimbi. Kwa nanomita 100 uga huo wa ziada ni tesla 0.128, zaidi ya mara mbili ya ule uliouweka mwenyewe kwa mkono! Ukiuingiza kwenye fomula (na kupunguza ile tesla 1.005 kidogo, maana kwenye utepe wa unene wa nanomita 5 wimbi fupi halihisi sumaku yote, inabaki kama 0.86) unapata gigahezi 12. Ndiko namba zetu zilikotoka.

Hatua ya 3: skripti

```
SetGridSize(1024, 64, 1)
SetCellSize(4e-9, 4e-9, 5e-9)

Msat  = 800e3
Aex   = 13e-12
alpha = 0.001
B_ext = vector(0.05, 0, 0)
m     = uniform(1, 0, 0)
relax()

// kingo za kumeza mawimbi
for i := 0; i < 20; i++ {
  x1 := 1648e-9 + i*20e-9
  x2 := x1 + 20e-9
  DefRegion(10+i, xrange(x1, x2).add(xrange(-x2, -x1)))
  alpha.SetRegion(10+i, 0.001 + 0.5*pow((i+1)/20.0, 2))
}

// antena ya katikati, upana nanomita 20
DefRegion(1, xrange(-10e-9, 10e-9))
B_ext.SetRegion(1, vector(0.05, 0.005*sinc(2*pi*30e9*(t-1e-9)), 0))

mstari := CropY(m.comp(1), 32, 33)
autosave(mstari, 10e-12)
run(10e-9)
```

Twende taratibu. Utepe una urefu wa nanomita 4096, upana 256, unene 5. Nimeweka 1024 na 64 makusudi, namba ambazo ni vipeo vya 2 zinakimbia haraka zaidi.

Alfa nimeiweka 0.001 badala ya 0.01. Hapa ni udanganyifu wa kukubalika: kwenye hatua hii tunatafuta uhusiano wa frikwensi na urefu wa wimbi, na alfa ndogo inafanya mistari kwenye picha iwe myembamba na inayosomeka. Tukifika kwenye geti tutairudisha.

Mtikisiko upo upande wa y, yaani unakata mwelekeo wa mishale. Ukiuweka upande wa x, mishale tayari inaelekea huko, hakuna kitakachotikisika. Nilipoteza usiku mzima kwa kosa hili, picha inatoka nyeusi tii, nikawa nalaumu kadi, nikasakinisha upya kila kitu, kumbe ni herufi moja tu imekaa pabaya.

Kosa lingine la karibu na hilo: SetRegion haiongezi uga, inaubadilisha wote. Ndo maana ndani ya antena (kile kipande cha katikati tunachokitikisa) nimerudia 0.05 upande wa x, ukiisahau antena yako inakuwa shimo lisilo na uga na mawimbi yatajikwaa hapo. Na ukija kuandika B_ext = ... tena chini yake, umefuta antena.

Kwa nini sinc na sio sine ya kawaida? Sinc ni pigo moja lenye frikwensi zote kuanzia 0 hadi 30 kwa nguvu karibu sawa, kama kugonga kengele mara moja ukasikia sauti zake zote, so run moja inakupa picha nzima. Militesla 5 inatosha. Ukizidisha sana mishale inayumba kwa pembe kubwa na mawimbi yanaanza kuingiliana yenyewe kwa yenyewe, ukipunguza sana nayo mbaya kwa sababu MuMax3 inahesabu kwa namba za biti 32 na wimbi dogo mno linazama kwenye makelele ya hesabu.

Upana wa antena nao una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Antena yenye upana sawasawa na urefu wa wimbi hailitikisi kabisa, nusu inasukuma huku nusu inavuta kule, jumla sifuri. Kwa wimbi la nanomita 100 antena ya nanomita 20 inafanya kazi kwa asilimia 93 hivi, safi. Ungeweka antena ya nanomita 100 ungesema fizikia imekataa.

Zile kingo sasa. Bila kuzimeza, wimbi linafika mwisho wa utepe linarudi, linakutana na wenzake, na picha yako inajaa vimiraba kama ubao wa drafti. Dawa ni kupandisha alfa mwishoni, lakini taratibu, kwa sababu alfa ikipanda ghafla kutoka 0.001 mpaka 0.5 huo mpaka wenyewe unageuka ukuta na wimbi linagonga linarudi vilevile. Ndo maana kuna ngazi 20 zinazopanda kwa kipeo cha pili, nanomita 400 kila upande.

Mwisho wa skripti nahifadhi mstari mmoja tu wa katikati na upande mmoja tu wa mshale. Ukihifadhi m yote, kila picha ni kama kilobaiti 786, na zipo 1000, hiyo ni karibu megabaiti 800 kwa run moja. Kwa mstari mmoja data yenyewe ni megabaiti 4. Nimechagua y kwa sababu kwenye filamu nyembamba mshale unayumba kwa umbo la yai lililolala, upande wa ndani ya filamu unayumba zaidi kuliko wa juu-chini.

Kuhusu muda: kuhifadhi kila pikosekunde 10 kunakuruhusu kuona mpaka gigahezi 50, na kukimbiza nanosekunde 10 kunakupa uwezo wa kutofautisha frikwensi zilizoachana kwa gigahezi 0.1. Unataka kuona vizuri zaidi? Kimbiza muda mrefu zaidi, kuhifadhi mara nyingi zaidi hakusaidii hapo.

Ikiwa inakimbia, fungua localhost:35367 kwenye brauza utaona mawimbi yanatoka katikati laivu. Usikae hapo sana, yanalevya.

Hatua ya 4: kusoma matokeo

Matokeo yapo kwenye folda yenye jina la skripti na .out mwishoni. Nenda humo, andika mumax3-convert -numpy *.ovf, kila faili linageuka la numpy. Kwenye Python yasome kwa mpangilio wa muda uyapange yawe jedwali la safu 1000 (muda) kwa 1024 (nafasi). Afu fanya mambo manne: toa picha ya kwanza kwenye zote ili ibaki mitikisiko tu, zidisha na dirisha la Hanning pande zote mbili ili ncha zilizokatwa zisilete mikia ya uongo, pitisha np.fft.fft2 (inageuza muda kuwa frikwensi na nafasi kuwa k) na fftshift, halafu chora logi ya ukubwa wake. Mhimili mmoja ni frikwensi, mwingine ni k.

Unachotakiwa kuona ni umbo kama bakuli: chini limekaa juu kidogo ya gigahezi 6.4, kuta zinapanda pande zote mbili. Huenda ukaona na mabakuli mengine juu yake, hayo ni mawimbi yenye mawimbi pia upande wa upana, kama uzi wa gitaa unavyoweza kutetemeka kwa vipande. Utayaona yale yenye ulinganifu tu, kwa sababu antena yetu inasukuma upana wote kwa pamoja.

Sasa chora juu yake ile fomula ya mkono. Kwenye k kubwa mstari wako na bakuli la kwanza zikaribiane, kwenye k ndogo bakuli liwe juu kidogo. Zikipishana vibaya usiendelee, rudi hatua ya 3. Zikikubaliana, tafuta gigahezi 12 kwenye mhimili, nenda mpaka kwenye ukuta wa bakuli, soma k, piga 2π gawa kwa k. Huo ndio urefu halisi wa wimbi kwenye utepe wako. Utakuwa karibu na nanomita 100 lakini sio lazima iwe 100 kamili, na kwa geti tunalotaka kujenga ile tofauti ndogo ina maana, kwa hiyo tumia namba ya simulesheni, usitumie ya fomula. Mimi hapa chini nitaendelea kusema 100 kwa urahisi.

Mteremko wa ukuta ndio kasi ya wimbi. Kwa mkono inatoka kama mita 940 kwa sekunde, yaani nanomita 940 kwa nanosekunde.

Hatua ya 5: rudisha alfa halisi uone maumivu

Weka alpha = 0.01 (na kwenye kingo pia). Wimbi la gigahezi 12 sasa linaishi chini kidogo ya nanosekunde 1, so kwa kasi ile linafika kama nanomita 900 kabla ya kushuka mpaka theluthi moja na kidogo ya nguvu yake. Chini ya mikromita moja. Huu ndio ugonjwa wa permaloi, na ndio sababu wanaojenga vifaa kweli wanakimbilia YIG (gaineti ya yitriamu na chuma, sumaku yenye alfa ndogo sana).

Hatua ya 6: geti la wengi

Hapa sasa ndo raha. Geti la wengi lina ingizo tatu na jibu lake ni lile lenye kura nyingi. Ukiligandisha ingizo moja kwenye 0 linakuwa geti la NA, ukiligandisha kwenye 1 linakuwa geti la AU. Kwa transista unahitaji kadhaa kutengeneza kitu hiki, kwa mawimbi unahitaji utepe mmoja, kwa sababu kujumlisha ni kitu ambacho mawimbi yanafanya yenyewe.

Biti tunaiandika kwenye awamu: 0 ni sine ya kawaida, 1 ni sine iliyogeuzwa. Weka antena tatu zilizoachana kwa nanomita 200, yaani urefu wa mawimbi mawili kamili, ili wimbi kutoka kila antena lifike likiwa limepangana na wenzake. Mfano wa antena yenye biti 1:

```
B_ext.SetRegion(2, vector(0.05, 0.001*sin(2*pi*12e9*t + pi), 0))
```

Msomaji (yaani sehemu ya utepe unapopimia wimbi) unamuweka nanomita 500 mbele ya antena ya karibu. Kimbiza nanosekunde 5 ili mambo yatulie, afu linganisha awamu ya mahali pale na ile ya ingizo 000. Ikiwa sawa jibu ni 0, ikiwa imegeuka jibu ni 1.

Utakutana na tatizo: antena ya mbali inafika dhaifu. Kwa umbali wa kufifia wa nanomita 900, ikiwa ya karibu inafika na nguvu 1, ya kati inafika na 0.8 na ya mbali na 0.64. Geti bado linafanya kazi, maana 0.8 + 0.64 inaizidi 1, lakini kwa pumzi ya mwisho: kura 2 kwa 1 zikiwa dhidi ya antena ya karibu zinabakisha 0.44 wakati zote zikikubaliana unapata 2.44. Msomaji halisi atapata shida kusoma wimbi dogo hivyo. Ongeza nguvu ya antena ya kati mara 1.25 na ya mbali mara 1.56, sasa kila kura ina uzito sawa na tofauti ni 1 kwa 3 tu.

Kimbiza mchanganyiko zote 8. Kinadharia 4 zinatosha, nusu nyingine ni vioo vya zile za kwanza, lakini kama vioo havilingani umegundua kwamba umetikisa kwa nguvu kupita kiasi, na hilo ni jambo la kulijua mapema. Na geti la SIO? Msogeze msomaji nanomita 50, nusu wimbi, jibu limegeuka. Bure kabisa.

Nisiwe muuza maneno lakini. Simulesheni haihesabu gharama ya antena, na antena halisi ni waya unaopitisha mkondo na kupata joto, sehemu kubwa ya nishati inapotea hapo hata kabla ya wimbi kuzaliwa. Mtu akikuambia kifaa cha magnoni hakitumii nishati muulize amehesabu na kuingiza na kutoa au ni safari ya katikati tu.

Hatua ya 7: hamia YIG

Ukishaelewa permaloi badilisha mali ghafi. Kwa YIG weka Msat = 140e3, Aex = 3.5e-12, na alfa ya 0.0002 au chini zaidi. Prototaipu ya geti la wengi iliyopimwa maabara na kuripotiwa mwaka 2017 ilikuwa ya YIG, na mwaka 2020 ikaja kiunganishi chenye njia za YIG za upana wa nanomita 350. Ile hesabu ya ukubwa wa seli inakupa nanomita 17, so seli za 10 zinaruhusiwa na unaweza kujenga kifaa kikubwa zaidi kwa kadi ileile. Frikwensi ya chini kwa militesla 50 inashuka mpaka gigahezi 3 hivi, kwa hiyo punguza na ile 30e9 ya sinc.

Na kingo zifanye ndefu zaidi, mara tatu au nne ya za mwanzo. Wimbi la YIG likirudi kutoka mwisho wa utepe halifi njiani kama la permaloi, litapita mbele ya msomaji wako mara nyingi na kila mara litajumlisha kura yake ambayo hukuiomba.